Tabasamu: Linasaidia Nini, Halisaidii Nini, na Lini Likukimbize Hospitali

Katika daladala, kwenye vioo vya saluni na kwenye salamu za asubuhi za makundi ya WhatsApp, ushauri ni ule ule: tabasamu, ni bure. Ukiuliza faida zake utaambiwa linashusha presha, linaongeza siku za kuishi, linavuta wateja na kufukuza msongo wa mawazo. Humo mna ukweli, na mna chumvi nyingi. Hapa tunajibu maswali yanayoulizwa zaidi, na tutakawia kwenye yale yasiyoulizwa sana ingawa ndiyo mazito: nini kinamfunga mtu kinywa asitabasamu, na tabasamu lililopinda ghafla linasema nini.

Nini hasa hutokea usoni mtu anapotabasamu?

Misuli miwili ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mmoja unaanzia kwenye mfupa wa shavu na kushuka hadi pembe ya mdomo. Ukijikaza, pembe hiyo inapanda. Wa pili umelizunguka jicho. Ukijikaza, shavu linainuka, jicho linakuwa dogo na vijikunjo vinatokea pembeni. Yote miwili hupokea amri kupitia mshipa wa fahamu wa uso. Upande wa kulia una mshipa wake na wa kushoto una wake. Likumbuke hilo la pande mbili, kwa sababu mwishoni tutalihitaji.

Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne ndiye aliyeichunguza misuli hii kwa bidii, na mwaka 1862 alitoa kitabu chenye picha za kazi yake. Alikuwa akigusisha umeme mdogo kwenye uso wa mzee mmoja aliyepoteza hisia za ngozi ya usoni, kisha anampiga picha. Umeme uliinua mdomo wa mzee yule, lakini uso haukuonekana wenye furaha mpaka macho nayo yashiriki. Ndiyo maana wataalamu wa leo huliita tabasamu la mdomo na macho kwa jina la Duchenne. Waswahili hatukuhitaji umeme kulijua hilo: husema mtu ana uso mkunjufu, hatusemi ana mdomo mkunjufu.

Usilifanye jambo hili kipimo cha kuwanasa waongo, maana wapo watu wanaoweza kuyaigiza hata macho. Na usidhani tabasamu ni kitu tulichojifunza kwa kuwaangalia wenzetu. Watafiti walilinganisha picha za wachezaji wa judo wa Olimpiki na Paralimpiki za mwaka 2004, miongoni mwao wakiwamo waliozaliwa vipofu. Waliozaliwa bila kuona hata uso mmoja maishani walipata ushindi wakatabasamu kama wengine wote. Tumezaliwa nalo.

Iko pia hesabu inayosambazwa sana kwamba kutabasamu hutumia misuli 17 na kununa 43, kwa hiyo kununa kunachosha zaidi. Hesabu hiyo haina msingi.

Nikijilazimisha kutabasamu, nitafurahi?

Kidogo. Na hiyo "kidogo" imewatoa jasho watu wengi. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Mjerumani Fritz Strack na wenzake waliwapa watu kalamu waishike mdomoni. Baadhi waliishika kwa meno, mdomo ukakaa kama unaotabasamu. Wengine kwa midomo, uso ukakaa kama ulionuna. Kisha wote walisoma vibonzo. Walioshika kwa meno waliviona vinachekesha zaidi. Habari ikaenea dunia nzima, ikaingia vitabuni na kwenye semina za hamasa. Mwaka 2016 maabara 17 zilirudia jaribio hilo na hazikuona tofauti ile.

Mwaka 2022 kikosi cha watafiti kikiongozwa na Nicholas Coles kilitoa matokeo ya watu 3,878 kutoka nchi 19. Waliokunjua uso kwa kuiga picha ya mtu anayetabasamu, na waliosogeza misuli yao kwa makusudi, walijisikia furaha zaidi kidogo kuliko waliobaki na uso mkavu. Kalamu haikutoa jibu la wazi.

Kwa hiyo, ukiamka umechoka na ukajikunjua uso mbele ya kioo, huenda ukapata unafuu mdogo. Ni sawa na kufungua dirisha chumbani: hewa inaingia, lakini kama paa linavuja, litaendelea kuvuja. Anayekwambia tabasamu linatibu sonona anakupotosha.

Na presha? Na kuongeza umri?

Kwenye presha kuna jaribio moja linalotajwa sana, la Tara Kraft na Sarah Pressman wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, la mwaka 2012. Watu 169 walishika vijiti vya kulia mdomoni, baadhi kwa namna inayoleta tabasamu, kisha wakapewa kazi za kuudhi, mojawapo ikiwa kutumbukiza mkono kwenye maji ya barafu. Walipopumzika baada ya adha hiyo, mapigo ya moyo ya waliokuwa na tabasamu yalikuwa chini kuliko ya wenzao. Ni matokeo mazuri, na yanahusu dakika chache baada ya mshtuko mdogo. Hayahusu mtu mwenye shinikizo la juu la damu la miaka kumi. Huyo ameze dawa zake kila siku, apunguze chumvi, atembee, apime. Akitabasamu wakati wa kumeza dawa, vema zaidi.

Kuhusu umri, chanzo cha madai mengi ni picha za wachezaji wa besiboli wa Marekani wa mwaka 1952. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulitazama picha za wachezaji 230 na kusema kwamba waliotabasamu kwa mdomo na macho waliishi miaka mingi zaidi. Watafiti wengine waliporudia kazi hiyo mwaka 2018 hawakuuona uhusiano huo. Mtu asikuuzie miaka saba ya ziada kwa picha moja.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo limesimama imara kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikifuatilia maisha ya kundi la watu tangu mwaka 1938, na miongoni mwa mambo yaliyoonekana kuambatana na afya njema uzeeni ni uhusiano mzuri na watu: mke, mume, ndugu, marafiki, majirani. Hapo ndipo ninapoiona kazi halisi ya tabasamu. Ndani ya mwili wako peke yako linafanya kidogo. Kati yako na mwenzio linafanya mengi. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na Waislamu hufundishwa tangu utotoni kwamba kumkunjulia nduguyo uso ni sadaka. Sadaka huenda kwa mtu mwingine.

Kicheko na tabasamu vinaambukiza?

Ndiyo. Ukimwona mtu ametabasamu, misuli ya uso wako huanza kumwitikia kabla hujaamua. Kicheko kina nguvu zaidi: mwaka 2012 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walionyesha kwamba watu waliocheka pamoja waliweza kuvumilia maumivu zaidi baadaye.

Lakini Mkoa wa Kagera unatukumbusha kwamba kucheka si furaha kila mara. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hali ikaenea hadi kwa wanafunzi 95 kati ya 159. Walicheka, wakalia, wakahangaika, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, kijiji cha Nshamba kikapata wagonjwa 217. Madaktari Rankin na Philip walichunguza damu na chakula, hawakukuta sumu wala kijidudu. Wahaya waliuita ugonjwa wa kucheka. Wengi walioichambua habari hiyo baadaye wanaona hofu na shinikizo la shule lilikuwa chini yake, miezi michache tu tangu nchi ipate uhuru. Hadithi hii husimuliwa duniani kama kichekesho. Wale walikuwa watoto waliolemewa, na mwili ulitafuta pa kutokea.

Mtoto mchanga huanza kutabasamu lini?

Siku za kwanza utamwona akitabasamu usingizini, na bibi atasema anacheza na malaika. Tabasamu la kukujibu wewe, ukimwongelesha au akiuona uso wako, huja kati ya wiki ya 6 na mwezi wa 2 au baada ya hapo kidogo. Aliyezaliwa kabla ya wakati huchelewa, na si kosa lake. Mtoto akifika miezi 3 bila kuutabasamia uso wa mtu yeyote, mwambie muuguzi kliniki siku ya kupima uzito. Huenda hakuna tatizo. Huenda pia macho au masikio yanahitaji kuchunguzwa, na mapema ni bora.

Mtoto hutabasamu ili ajibiwe. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao, kisha kwa dakika chache wakaushe uso kabisa, wamtazame mtoto bila kumjibu. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakajaribu tena, kisha wakageuka na kulia. Nawaza jaribio hilo kila ninapomwona mtu amempakata mtoto huku macho yako kwenye simu. Dakika tano za kunyonyesha bila simu ni zawadi ambayo kila mzazi anaweza kuitoa, na baba akimpakata mtoto asijione amesamehewa.

Kama mama hawezi kumtabasamia mwanawe kwa sababu moyo umekuwa mzito tangu ajifungue, halali, analia bila sababu au hajisikii chochote kwa mtoto, asiitwe mama mbaya. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa na inatibika. Mume, mama mkwe, dada, yeyote aliye karibu, amsindikize kituo cha afya.

Linasaidia kazini na kwenye biashara?

Linafungua mlango. Biashara inamalizwa na bidhaa, bei na uaminifu.

Nilikaa siku moja mbele ya dirisha la mapokezi la hospitali moja nikiwa na mtoto mwenye homa. Aliyekuwa ndani hakuinua uso. Aliuliza jina, umri, "anaumwa nini", akaandika. Nilijibu kwa ufupi kama alivyouliza, nikasahau kusema kwamba mtoto alitapika usiku kucha. Jambo hilo lilikuja kujulikana saa tatu baadaye, kwa daktari aliyenikaribisha kwa uso wa ukunjufu na kuniacha nizungumze. Sikuondoka pale na chuki kwa yule wa dirishani. Pengine alikuwa amehudumia watu mia asubuhi ile. Lakini nilielewa kwamba uso mkavu humnyima mtoa huduma habari anazozihitaji. Mgonjwa, mteja au mwanafunzi asiyekaribishwa husema nusu.

Mama lishe hulijua hili bila kufundishwa. "Karibu mwanangu, leo kuna samaki" ya uso mkunjufu humfanya mtu apite vibanda vitatu ili aje kula kwake. Kwenye usaili wa kazi, tabasamu wakati wa kusalimia na wakati wa kuaga, katikati, sikiliza. Anayetabasamu mfululizo huku akiulizwa kwa nini aliacha kazi ya mwanzo huonekana hana la kusema.

Utafiti wa mwaka 2001 wa LeeAnne Harker na Dacher Keltner ulitazama picha za wanawake waliosoma Chuo cha Mills, California, zilizopigwa mwaka 1958 na 1960. Waliotabasamu kwa kina zaidi pichani walionekana kuridhika zaidi na maisha na ndoa zao hadi walipofika miaka 52. Usisome hapo kwamba picha ndiyo iliwapa ndoa. Picha ilinasa tabia na malezi waliyokuwa nayo tayari.

Wala si kila mahali tabasamu linasomeka sawa. Mwaka 2016 watafiti waliowauliza watu wa tamaduni 44 waliona kwamba katika baadhi ya nchi anayetabasamu huonekana mwerevu zaidi, na katika nyingine huonekana mwenye akili kidogo. Pale rushwa ilipokithiri, watu hawakuliamini sana tabasamu. Hilo sisi halitushangazi: tunayajua meno yanayoonyeshwa kabla ya kuombwa "chai".

Kwa waajiri nina neno. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika kuhusu wahudumu wa ndege wanaotakiwa kutabasamu zamu nzima, na jinsi kuigiza furaha kunavyomchosha mtu. Ukitaka wahudumu wakunjufu, wape kiti, chakula cha mchana na mshahara kwa wakati. Amri ya "tabasamuni" iliyobandikwa ukutani haifanyi kazi hiyo. Na mwanamke anayepita njiani na mawazo yake hadaiwi tabasamu na mtu yeyote. Anayempigia kelele "dada, tabasamu basi" amuache apite.

Kama anatabasamu, si ina maana yuko salama?

Hapana. Sonona hujificha nyuma ya mizaha. Mtu anachekesha kijiwe kizima, akirudi nyumbani anakaa gizani. Tazama mambo mengine: huzuni au kukosa hamu ya vitu alivyovipenda kwa wiki mbili au zaidi, usingizi uliovurugika, kula kulikobadilika, kujiona hana thamani, kuanza kugawa vitu vyake. Muulize ana kwa ana kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu. Akikubali, msimwache peke yake, na apelekwe hospitali.

Natamani kutabasamu lakini naona haya meno yangu. Nifanye nini?

Hapa ndipo ushauri wa "tabasamu, ni bure" unapokosea zaidi. Kwa wengi si bure. Angalia wanafunzi wa Arusha, Meru, Kilimanjaro, au ng'ambo ya mpaka Nakuru na Naivasha: wapo wanaocheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja. Watu wa Dar wakiyaona meno ya kahawia husema tu "huyu katoka Arusha", bila kujua wamemchoma.

Meno hayo si machafu. Chanzo ni madini ya floraidi kwenye maji ya ardhi yenye asili ya volkano katika Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Visima vingi vya kanda hiyo vinazidi hapo. Madhara huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, yaani katika miaka minane hivi ya mwanzo. Kwa hiyo wa kulindwa ni mtoto. Anapokua, floraidi nyingi ikiendelea huweza kuathiri hata mifupa.

Kuchemsha maji hakuiondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, hivyo paa, mfereji na tangi safi ni kinga nzuri kwa kaya. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Na iko magadi: magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande yaive haraka huwa na floraidi, na uchunguzi uliofanywa Kilimanjaro uliyahusisha na meno ya kahawia hata pale maji yalipokuwa mazuri. Mama anayepikia watoto wadogo aloweke maharage usiku kucha, magadi ayaache.

Aliyekwisha kupata madoa asisugue kwa mchanga wala mkaa. Doa limo ndani ya ganda la jino, na kusugua kunakula ganda lenyewe. Daktari wa meno anaweza kuyang'arisha au kuyafunika, kutegemea hali yake.

Kwa wengine wote, piga mswaki mara mbili kwa siku, na mara ya usiku ndiyo usiikose. Dawa ya meno yenye floraidi hukinga kutoboka. Kwa mtoto mdogo tia kiasi cha punje ya mchele na umfundishe kutema. Mswaki wa mti, ule wa jadi, si ushamba: Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1986. Tumia ulio mbichi, ufikishe hadi meno ya nyuma. Soda na biskuti za kila saa ndizo zinazotoboa meno ya watoto wetu, wala si "funza wa jino". Na kung'oa au kukwangua ufizi wa mchanga mwenye homa kwa madai ya "meno ya plastiki" ni kumuumiza bure: yale ni meno yake yanayojengeka, na watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa maambukizi.

Mwanya, kwa upande wake, hauna haja ya kuzibwa. Uswahilini ni pambo.

Mtoto amezaliwa na mdomo uliopasuka. Atatabasamu?

Atatabasamu. Duniani huzaliwa mtoto mmoja hivi wa aina hiyo katika kila watoto 700. Mtaani huitwa mdomo sungura, jina ambalo afadhali lisitumike mtoto akisikia. Si laana, na mama hakufanya kosa. Mdomo huundwa katika wiki za mwanzo za ujauzito, mara nyingi kabla mama hajajua kama ana mimba, na wakati mwingine pande mbili hazikutani. Urithi unachangia, na vilevile sigara, pombe na baadhi ya dawa za kifafa. Mwenye kifafa asiache dawa kwa hofu. Aongee na daktari kabla ya kushika mimba.

Mdomo kwa kawaida hurekebishwa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, akishakuwa na uzito wa kutosha, na kaakaa baadaye kidogo. Kabla ya hapo kazi kubwa ni kumlisha: mkalishe wima, na kama hawezi kunyonya, kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo au kijiko. Upasuaji huu hutolewa bila malipo katika hospitali zinazofadhiliwa na shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, Tanzania na Kenya zikiwamo. Jijini Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT inajulikana kwa kazi hiyo. Hata aliyefika utu uzima anaweza kufanyiwa. Kama kijijini kwenu yuko mtoto anayefichwa ndani, wazazi wake wapewe habari hii leo.

Mtu ameamka tabasamu limepinda. Ni nini?

Sasa rudi kwenye zile pande mbili za uso. Tabasamu la kawaida hupanda pande zote. Likipanda upande mmoja, na upande wa pili ukaning'inia, mshipa wa fahamu wa uso au ubongo wenyewe umepata tatizo.

Wakati mwingine ni mshipa wa uso peke yake uliovimba. Jicho la upande huo halifungi, kipaji cha uso hakikunji, mate yanavuja. Wengi hupona, na dawa za kupunguza uvimbe hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Jicho lilindwe lisikauke.

Wakati mwingine ni kiharusi, na hapo unahesabu dakika. Mtaani husemwa "amepigwa upepo", akapelekwa kwa mganga, akakandwa kwa maji ya moto, siku mbili zikapita. Wewe usikisie ni kipi kati ya viwili. Fanya mambo matatu hapo hapo. Mwambie atabasamu, utazame kama upande mmoja umebaki chini. Mwambie ainue mikono yote miwili, utazame kama mmoja unashuka. Mwambie arudie sentensi fupi, usikilize kama maneno yanakwama au yanavurugika. Dalili moja tu inatosha.

Usimpe chakula wala maji, maana anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini, kwa sababu baadhi ya viharusi ni mshipa uliopasuka, na bila kipimo cha picha ya kichwa hakuna anayejua. Hata dalili zikipotea baada ya dakika kumi, aende, kwa kuwa hilo mara nyingi ni onyo la kiharusi kikubwa kinachokuja. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na daktari atakuuliza swali moja kabla ya mengine: ilianza saa ngapi? Tazama saa yako, iandike, na muondoke sasa hivi kwenda hospitali.